Romney, walokole wa Texas, na lifti niliyomnyima mtu

Hii stori inaanza na chupa ya chai, mtanivumilia.

Mwaka 2011 nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Arlington, Texas, mji uliobanwa katikati ya Dallas na Fort Worth, ile kazi ambayo sisi wa huku tunaiita kubeba boksi hata kama boksi lenyewe ni bibi wa miaka 88 anayetakiwa kugeuzwa kitandani kila baada ya masaa mawili. Shifti saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Nilikuwa na kigari changu, na nilikuwa nampa lifti jamaa mmoja Mrundi, tunafanya kazi pamoja na apatimenti zetu zinapakana. Huyu ni katika wale Warundi wa 72, wazazi wake walikimbia mwaka ule wa mauaji, yeye kazaliwa ukimbizini, kakulia makambi ya Kigoma, Kiswahili chake ukikisikia huwezi kusema si Mtanzania, na Marekani ilipoamua kuwachukua maelfu ya wale wakimbizi, kuanzia 2007 hivi, yeye na mkewe na watoto watatu wakaangukia Texas. Mtu mpole, anaomba radhi hata akifunga mlango wa gari.

Kila usiku mke wangu ananijazia chupa ya chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha. Nikimkaribisha jamaa anasema ahsante kaka, nimeshiba. Wiki ya kwanza sawa. Mwezi wa kwanza sawa. Mwezi wa tatu nikaanza kuwaza labda ana vidonda vya tumbo, au kaambiwa kitu kuhusu sisi Wachaga. Mtu kakulia Kigoma anakataaje chai usiku wa baridi? Siku hiyo nikamkazia, akacheka kwa aibu akasema, "Kaka, si kwa ubaya. Kanisani kwetu hatunywi chai ya majani. Wala kahawa."

"Kanisa gani hilo?"

"Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho."

Nikanyamaza kidogo, tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. "Si ndo Wamormoni hao?"

"Ndo watu wanavyotuita."

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema, sikimbii, ila ngoja kwanza niwape hali ya siku zenyewe ilivyokuwa, maana wiki hiyohiyo neno Mormoni lilikuwa linapigwa kwenye tivi asubuhi mchana jioni.

Ilikuwa Oktoba. Mitt Romney, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, alikuwa anatafuta kuteuliwa na chama cha Republican ili apambane na Obama mwaka unaofuata. Ilikuwa mara yake ya pili, alishajaribu 2008 akashindwa. Sasa kwenye mkutano mmoja mkubwa wa walokole wenye siasa kule Washington, mchungaji Robert Jeffress wa kanisa la First Baptist la Dallas, yaani jirani zetu kabisa, akasimama kumtambulisha gavana wetu wa Texas, Rick Perry, naye alikuwa mgombea, na alipotoka jukwaani akawaambia waandishi wa habari bila kupepesa macho kwamba Romney si Mkristo na Umormoni ni imani potofu. Basi nchi nzima ikawaka.

Pale kazini tulikuwa na mzee mmoja, fundi wa malori mstaafu, Mbaptisti wa kuzaliwa, halali usiku, anakaa sebuleni na tivi yake mpaka alfajiri. Tulikuwa tunapatana sana. Nilimuuliza, mzee, wewe unaonaje? Akasema hawezi kumpigia kura mtu wa dini ile, afadhali abaki nyumbani. Nikamuuliza wanaamini nini hasa. Akafikiri. Wana Biblia yao nyingine, akasema. Wanaoa wake wengi. Halafu wanasema Yesu na shetani ni mtu na ndugu yake. Nikamuuliza hayo kayasoma wapi, akasema kila mtu anajua.

Hilo la Yesu na shetani wala hakulitunga yeye. Mwaka 2007 Mike Huckabee, mchungaji wa zamani wa Kibaptisti aliyekuwa gavana wa Arkansas, naye akiutafuta urais, aliulizwa na mwandishi wa New York Times habari za Umormoni, naye kwa sauti ya mtu asiyejua kitu akauliza, hivi Wamormoni si wanaamini kwamba Yesu na shetani ni ndugu? Baadaye akamwomba Romney msamaha. Lakini nyie mnajua msamaha wa namna hiyo, neno limeshatoka, na wiki chache mbele Iowa ikapiga kura, Huckabee akapata asilimia 34 na Romney 25, na Iowa kwa Warepublican ni mkoa wa walokole haswa. Sisemi ni lile swali tu lililomwangusha. Nasema lilifika lilikotumwa.

Afu kuna kitu kilinishangaza nilipoanza kusoma habari hizi usiku wazee wamelala. Baba yake Mitt, George Romney, naye alikuwa gavana, wa Michigan, na naye aliutaka urais, uchaguzi wa 1968. Mmormoni yuleyule. Tena huyo alizaliwa Mexico, kwa sababu babu zake walihamia kule kuikimbia sheria ya Marekani ya kupiga marufuku ndoa za mitala, yaani kama unatafuta cha kumsimanga nacho mtu basi hapo umepata gunia zima. Lakini dini yake haikuwa kelele kubwa. Kilichomuua kisiasa ni mdomo, alisema alipoenda Vietnam majenerali walimwosha ubongo, watu wakamcheka mpaka akajitoa. Gallup, wale wa kura za maoni, walikuwa wanauliza tangu enzi hizo kama mtu angekubali kumpigia kura Mmormoni wa chama chake mwenye sifa zote, na mwaka 1967 waliokataa walikuwa asilimia 17. Juni 2011 wakauliza tena, waliokataa wakawa 22.

Soma tena hapo. Mwaka 1967 ni kama nusu tu ya Wamarekani waliosema wangempigia kura mtu mweusi, 2011 wakafika 94 katika 100. Mwanamke, Mkatoliki, Myahudi, wote walipanda miaka ile arobaini na kitu. Mmormoni peke yake kakaa palepale, kama hajashuka kidogo. Na waliokataa walikuwa wengi zaidi upande wa Democrat kuliko Republican, hilo watu wanalisahau, wanafikiri ubaguzi wa dini ni mali ya wakulima wa Alabama. Wasomi wa New York hawakumwita Romney mzushi kwa sababu uzushi kwao si neno. Wao walimcheka. Walicheka nguo za ndani ambazo Wamormoni waliofika hekaluni wanavaa, na mwaka huohuo 2011 Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, ikafungua mchezo wa jukwaani wa kuwachekesha watu juu ya vijana wawili wa Kimormoni wanaopelekwa umisionari Uganda, ukumbi ukawa haupatikani tiketi. Sisi Waafrika ndo tulikuwa mapambo ya jukwaa, ila hiyo makala nyingine.

Kwa nini dini ya baba ilipita na ya mwana ikakwama? Mi naona ni kwa sababu chama kilibadilika chini ya miguu yao. Miaka ya 60 walokole wa kizungu hawakuwa jeshi la chama chochote, wengi wa kusini walikuwa Democrat wa asili. Jeshi liliundwa mwishoni mwa miaka ya 70, wachungaji wa tivi, makanisa yanaandikisha wapiga kura, mpaka ikafika mahali mgombea wa Republican anatakiwa ashuhudie kama mtu anayegombea uzee wa kanisa. Sasa kama mlango wa chama ni ushuhuda, basi swali la nani ni Mkristo na nani siye linakuwa swali la siasa. George hakuulizwa kwa sababu mlango haukuwepo.

Ndo maana mtego aliouingia Mitt mwaka 2007 ulikuwa mbaya kuliko wa Kennedy. John Kennedy, aliyegombea urais 1960, alikuwa Mkatoliki, wachungaji wakaogopa Papa ataongoza Marekani kutoka Roma, basi Septemba 1960 akaenda Houston, huku huku Texas, akakaa mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti akawaambia anaamini Marekani ambayo kanisa na serikali vimetengana kabisa. Kwisha. Alisema dini yangu ni yangu. Romney naye Desemba 2007 akaja Texas, College Station, kwenye maktaba ya George Bush mzee, watu wakasema hotuba ya Kennedy imerudi, lakini haikuwa hivo hata kidogo. Romney hakuweza kusema dini ikae pembeni, maana wapiga kura anaowataka ndo hao wasiotaka ikae pembeni. Ikabidi aseme mambo mawili yanayogombana, kwamba imani ni muhimu sana kwa kiongozi, na kwamba msiniulize sana ya kwangu. Akakiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu na Mwokozi wa wanadamu, na neno Mormoni hotuba nzima kalitaja mara moja tu.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, nimebatizwa nikiwa na miezi miwili, na kwa mtu wa kanisa naelewa ugomvi wa mafundisho upo kweli, si wa kutunga. Joseph Smith alisema kule jimbo la New York malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu, akayatafsiri kikawa Kitabu cha Mormoni, kanisa likaanza Aprili 1830. Utatu wanaufundisha tofauti na sisi. Mchungaji wangu akisema kimafundisho hawa tunatofautiana nao pakubwa, hajatukana mtu, ndo kazi yake. Lakini kutoka hapo mpaka "kwa hiyo asiwe rais" kuna daraja, na hilo daraja hakuna aliyelijenga, watu waliruka tu.

Na hawajaanza kuruka juzi. Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwa maandishi kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni, amri ya serikali hiyo, na siku tatu baadaye watu 17 wakauawa kwenye kinu kimoja kinaitwa Haun's Mill. Amri ile ilikuja kufutwa rasmi 1976. Elfu moja mia tisa sabini na sita jamani! Joseph Smith mwenyewe alikuwa mgombea urais, mwaka 1844, na mwezi Juni mwaka huohuo kundi la watu wenye silaha likavamia jela ya Carthage, Illinois, likamuua yeye na kaka yake Hyrum. Hao waliobaki wakafunga mizigo wakaenda mpaka jangwani Utah. Halafu Republican, chama hichohicho cha Romney, kilipofanya mkutano wake wa kwanza wa kuteua mgombea urais, 1856, kwenye ilani yake kiliandika kwamba Bunge lina haki na wajibu wa kupiga marufuku masalia mawili ya ushenzi, mitala na utumwa. Mitala maana yake Wamormoni. Kwa hiyo chama kilizaliwa kikiwalaani, na miaka 156 baadaye kikamsimamisha mmoja wao. Mitala yenyewe kanisa lilitangaza kuiacha 1890, ila mzee wangu sebuleni saa tisa usiku bado anawahesabia wake.

Sasa turudi kwenye gari.

Miaka ile nyumbani Tanzania kila kitu kilikuwa Freemason. Mtu akipata hela ghafla, Freemason. Msanii akivaa pete kubwa, Freemason. Tulikuwa tunatumiana maandishi marefu ya kutisha, na kwenye mojawapo, nakumbuka kabisa, Wamormoni walikuwa wamewekwa kwenye orodha, hekalu la siri, maagano ya siri, mavazi ya siri. (Kuna kichembe cha ukweli, Joseph Smith alijiunga na Wamasoni mwaka 1842. Kichembe tu, sisi tukajengea ghorofa.) Basi nilivyofika nyumbani asubuhi ile nikamwambia mke wangu, unajua yule jirani kumbe Mormoni. Akashtuka. Akaniuliza, na watoto wetu si wanacheza na wake? Kwenye ibada yetu ya Kiswahili Jumapili nikamuuliza mama mmoja tunayemheshimu sana, akasema baba, mimi siwezi kukufundisha, ila nuru na giza vinakaaje gari moja?

Nikamwambia jamaa kwamba ratiba yangu imebadilika. Nikasema nitakuwa natoka mapema, napitia mahali. Uongo. Akasema hakuna shida kaka, Mungu akubariki kwa miezi yote hii.

Msiojua Arlington niwaambie, mwaka ule mji huu wenye watu zaidi ya laki tatu na nusu haukuwa na daladala wala basi la umma hata moja, ulikuwa maarufu kwa hilo Marekani nzima, wananchi walishaikataa kodi ya mabasi kwenye kura zaidi ya mara moja. Huna gari, huendi. Kwa hiyo wiki moja baadaye natoka zangu saa nne na nusu usiku, kwenye barabara kubwa isiyo na njia ya waenda kwa miguu, taa za gari zikammulika mtu anatembea pembeni kwenye majani, kavaa kile kizibao cha kung'aa cha mafundi wa barabara, kabeba begi lake la chakula. Nikampita.

Nimeandika hiyo sentensi na kuifuta mara tatu. Nilimpita, na sikupunguza hata mwendo, nikajiambia labda hajaniona. Ni kilomita kama tano. Alitembea hivyo siku tisa, mpaka dada mmoja wa kazini, Mmexico, Mkatoliki, akaanza kumchukua.

Na hizo siku tisa zote mimi ndo nilikuwa nakaa na mzee wa malori usiku namsikitikia moyoni kwa ushamba wake wa kumkataa Romney kwa ajili ya dini.

Januari 2012 kura za mchujo zikaanza. South Carolina, jimbo la walokole tena, walimkataa Romney wakampa Newt Gingrich, spika wa zamani wa Bunge la Marekani, asilimia 40 kwa 28. Nawaomba muitazame hiyo vizuri. Gingrich kaoa mara tatu, na ndoa mbili za nyuma ziliisha kwa fujo na michepuko, yote hadharani. Romney ana mke mmoja, Ann, tangu 1969. Aliyekuwa anaulizwa habari za wake wengi ni wa mke mmoja! Ila hatimaye hela na uvumilivu vikamsogeza, kufika Mei akawa kashinda, akamchukua Paul Ryan, Mkatoliki, awe mgombea mwenza, ikawa kwa mara ya kwanza Republican hawana Mprotestanti hata mmoja kwenye karatasi ya kura.

Hapo ndo kituko kilipoanza. Wachambuzi walikuwa wanasema walokole watabaki nyumbani Novemba. Thubutu! Jeffress yuleyule wa imani potofu akatangaza anamuunga mkono Romney. Oktoba Romney akaenda kumtembelea Billy Graham, mhubiri maarufu wa walokole, nyumbani kwake milimani North Carolina, na siku chache baadaye watu wakagundua kwamba tovuti ya taasisi ya Graham imeuondoa Umormoni kwenye orodha ya imani potofu. Mafundisho ya miaka yote yale yakaondolewa kwa kidole kimoja. Na mzee wangu? Nilimkuta usiku mmoja ana kijibendera cha Romney kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema, kijana, simchagui awe mchungaji wangu, namchagua awe rais. Jibu zuri sana, Kennedy mwenyewe angelipigia makofi. Ningeishia hapo na mimi ningelipigia. Lakini akaendelea: na afadhali huyu kuliko yule Mwislamu.

Yule Mwislamu ni Obama. Mkristo aliyebatizwa, aliyekaa kanisani Chicago miaka ishirini. Pew, shirika la utafiti, waliuliza mwaka huohuo, asilimia 17 ya wapiga kura wakasema Obama ni Mwislamu, na neno lenyewe lilikuwa linatumika kama tusi, kana kwamba kuwa Mwislamu kweli kungekuwa kosa. Mzee akaniangalia usoni, mimi mtu mweusi namfunga vifungo vya shati, akaongeza, usichukulie vibaya.

Ndo nikaelewa kitu ambacho bado nakiamini mpaka leo. Ubaguzi wa yule mzee haukuisha, ulipanga foleni tu. Mmormoni alikuwa mgeni mpaka alipotokea mgeni zaidi yake, basi akasogezwa ndani akaitwa ndugu. Walokole wa kizungu walimpa Romney karibu asilimia 80, sawasawa na walivyompa Bush 2004 ambaye ni wa kwao kabisa. Wala hawakuwa wamesoma Kitabu cha Mormoni katikati ya Januari na Novemba. Na mkumbuke foleni inaweza kurudi nyuma, maana Februari 2020 Romney, wakati huo seneta wa Utah, alipopiga kura Trump atiwe hatiani, seneta wa kwanza kumhukumu rais wa chama chake mwenyewe, akasema ameapa mbele ya Mungu na hawezi kukiuka kiapo, dereva mmoja Mtexas ninayemfahamu, aliyempigia kura 2012, akaniambia, sasa Mmormoni unategemea nini.

Ila sitaki mtu aondoke na wazo kwamba kila swali la dini kwa mgombea ni ubaguzi. Kuna moja mimi kama mtu mweusi nilikuwa nalo na nilitaka jibu. Kanisa lile mpaka Juni 1978 lilikuwa haliwapi wanaume weusi ukuhani, na ukuhani kwao si wa wachache, kila mwanaume mwaminifu anaupata hata kijana, kwa hiyo kunyimwa ni kuambiwa kaa nje. Mitt alikuwa na miaka 31 ilipobadilika, mtu mzima, keshafanya umisionari Ufaransa, keshamaliza Harvard. Alikuwa anafikiri nini? Aliulizwa kwenye tivi 2007 akasema aliposikia habari ile kwenye redio akasimamisha gari pembeni akalia. Namwamini, sina sababu ya kutomwamini. Baba yake aliwahi kuandamana na watu wa haki za weusi kule Michigan 1963 huku kanisa lake likiwa na ile sheria. Lakini swali lile linahusu alifanya nini, alisema nini, alinyamaza wapi. Halihusu malaika na mabamba. Mabamba hayamnyimi mtu kazi.

Na tukishaliuliza kwa haki inabidi liulizwe kwa wote. Kanisa la mzee wangu, Southern Baptist, lilijitenga na wenzao 1845 kwa sababu lilitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari, na liliomba radhi kwa utumwa na ubaguzi mwaka 1995, miaka kumi na saba baada ya Wamormoni kufungua mlango wao. Sijawahi kumsikia mgombea wa Kibaptisti anaulizwa hilo.

Sisi nyumbani tuna ujanja wetu. Tangu Nyerere, marais wa Tanzania wamekuwa wakipishana Mkristo Mwislamu Mkristo Mwislamu, hakuna sheria iliyoandikwa, na sensa haijauliza dini tangu 1967. Hatusemi kwa sauti, lakini kila uchaguzi ukipita kwenye vijiwe unasikia wanavyohesabu. Sijui tungemfanyia nini mgombea Mmormoni. Nadhani najua, maana mimi nilimnyima mtu lifti tu.

Nilichukua uraia mwanzoni mwa 2012, kwa hiyo Novemba ile ilikuwa kura yangu ya kwanza Marekani. Nilipiga mapema, mwisho wa Oktoba, foleni ndefu ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule. Kwenye foleni nilikuwa namuwaza Mrundi, maana tulikuwa hatujaongea vizuri karibu mwaka, tunasalimiana tu koridoni, yeye kwa upole wake uleule, mimi macho chini. Jioni ile nikaenda kugonga kwake. Nikamwambia ratiba yangu haikubadilika, nilidanganya, na kwa nini nilidanganya. Mkewe alikuwa jikoni akaacha kukaanga akasikiliza. Jamaa akasema, "Nilijua kaka. Ile siku ulinipita niliijua gari yako, ina taa moja." Hakusema nimekusamehe wala nini. Akaniuliza kesho naondoka saa ngapi.

Kesho yake mke wangu kajaza chupa mbili, moja chai, moja tangawizi na maji ya moto na asali, haina jani hata moja. Akainywa yote kabla hatujafika barabara kubwa. Yeye alikuwa hajafikisha miaka ya kuomba uraia, kura hana, lakini redio ilikuwa inaongea uchaguzi nikamuuliza, sasa wewe ungekuwa na kura, si ungempa wa kwenu?

Akaangua kicheko, sijawahi kumsikia anacheka hivyo. Mwezi uliopita ilikuwa imevuja video ya Romney, yupo kwenye hafla ya matajiri anasema asilimia 47 ya Wamarekani hawalipi kodi ya mapato na kazi yake si kuwahangaikia watu hao.

"Kanisani ni ndugu yangu kabisa," akasema. "Lakini kaka, mimi watoto watatu, mshahara huu wetu, kodi ya mapato nalipa wapi? Huyo wa 47 si ndo mimi?"